Mwenyeji Apone

Walifika usiku, Odile na Norbert,
siku tatu barabarani kutoka vinamasi vya Louisiana,
gari limejaa soseji za moshi, gunia la mchele,
sufuria kubwa kuliko jiko letu,
na makoti mapya, vibandiko vya bei vingali vinaning'inia.
Verna aliviona. Akanikanyaga mguu nisiseme.

Nilikuwa nimewaahidi samaki.
Hapo ndipo nilipokosea.
Kichwachuma haahidiwi mtu:
ni trauti aliyeuchoka mto akahamia baharini,
akala, akanona, akakumbuka kwao,
akapanda maili karibu mia tano za maji,
mabwawa manane ya umeme njiani,
na akifika hana njaa.
Unamtupia nzi wa manyoya asiyemhitaji.
Unamwomba akasirike, basi.

Siku ya kwanza nikamfundisha Norbert:
tupa kwa mshazari, mkondo uuchukue mshipi,
nzi azunguke polepole hadi ukingoni,
piga hatua moja, tupa tena.
"Halafu?"
Hivyo hivyo.
"Mpaka lini?"
Mpaka giza.

Siku ya pili barafu iliziba vipete vya ufito,
tukawa tunaing'ata kwa meno ipasuke.
Odile aliteleza, akazama mpaka shingoni,
akaibuka na kofia yake kichwani, ufito mkononi,
na matusi ya Kifaransa cha bibi yake
ambayo Mto Grande Ronde haujapata kuyasikia.
Tulimimina nusu ndoo kutoka kila kiatu.
Juu majabalini kondoo-mwitu walitutazama,
wanatafuna tu.

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Verna alimpa Norbert shoka.
Odile aliteka jiko bila kuuliza,
akapika mchuzi mzito wa bamia na soseji,
pilipili ikatutoa machozi sote wanne
na hakuna aliyetaja samaki.

Asubuhi ya mwisho niliwapeleka nyuma ya jiwe jeusi,
kwenye kidimbwi ambacho hata ndugu yangu simwonyeshi.
Norbert vidole vimekufa ganzi.
"Nionyeshe mara moja tena," akasema.
Nikachukua ufito wake. Kuonyesha tu.
Namtazama yeye, siyatazami maji,
"Unaona, hapa ndipo unapo—"

na mto ukanishika mkono
kama mtu anayenidai.

Kigurudumu kikalia. Samaki akaruka,
fedha tupu, urefu wa mkono wangu,
akaanguka ubavu, akaruka tena.
"Chukua! Norbert, chukua!"
Norbert akatia mikono yote miwili mfukoni.
"Kakuchagua wewe," akasema, na kucheka,
na nikapigana na yule samaki dakika ishirini
kwa furaha, na kwa aibu kubwa kuliko furaha.

Jike. Mstari wa waridi ubavuni.
Pezi dogo la mgongoni lipo, zima:
mzaliwa wa mto, hauliwi.
Odile alipiga magoti, akamshika mkia.
Norbert alivua glavu, akamgusa kwa kidole kimoja.
"Ana baridi kunishinda."
Ndoana isiyo na jino ilitoka yenyewe.
Alitulia kidogo mikononi mwa Odile, kaelekea juu mtoni,
kisha mikono ikawa ya Odile peke yake.

Kabla hatujafika nyumbani
Norbert alikuwa ameshampigia simu shemeji yake:
samaki ameongezeka inchi nne,
na ufito, alisisitiza, ulikuwa wake.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Sikujua kama naumwa.
Waliondoka Jumatatu, wakatuachia sufuria,
haingii kabati lolote.
Jana nimerudi peke yangu nyuma ya jiwe jeusi,
sikupata kitu,
ila kwenye matope ya ukingoni kibandiko cha bei:
dola mia moja arobaini na tisa.
Nimekibandika mlangoni pa friji.
Verna hajauliza.